Bakshishi kwa Bi Zuhura

Jumatatu, 4 Agosti
Jioni nimepeleka thamosi tena kwa Bi Zuhura, anayeuza kahawa barazani kwake. Kahawa ya tangawizi, ya shangazi. Akishaijaza, hunimiminia na mimi kikombe. "Kunywa, mwanangu, njia ni ndefu." Njia yenyewe ni uchochoro mmoja tu! Tangu nitoke Rabai kuja kukaa Malindi, siku nyingine hayo ndiyo mazungumzo yangu yote. Shangazi hurudi amechoka. Shule zimefungwa. Sina rafiki.

Jumatano, 6 Agosti
Shangazi amenipeleka kazini kwake, mkahawa wa watalii ufukweni. Wanabeba kahawa kwa vikombe vya karatasi vyenye vifuniko. Kando ya kaunta kuna kisanduku cha bakshishi. Shangazi anasema asiyeacha kitu hakufunzwa adabu. Nimeona haya. Vikombe vyote vile vya Bi Zuhura, na sijaacha chochote.

Alhamisi, 7 Agosti
Leo nimeacha chenji. Bi Zuhura akaniita, "Mwanangu, umesahau pesa zako." Nikamjibu vizuri, "Ni zako, Bi. Bakshishi." Wazee wa barazani wakageuka kunitazama. Mmoja akacheka: "Zuhura, leo umepata mtalii!" Yeye hakucheka. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mzima.

Ijumaa, 8 Agosti
Amejaza thamosi. Akaifunga. Akanihesabia chenji yote mkononi. "Ahsante, mteja."
Kikombe hakuna.
Nimelia chooni, bomba likiwa wazi ili shangazi asisikie.

Jumapili, 10 Agosti
Nimemweleza shangazi. Alicheka, kisha akaniona uso. Akasema kule kazini wanawahudumia wageni, na mgeni huacha kitu kwa sababu anaondoka. Bi Zuhura alikuwa akininywesha kama mtoto wa nyumba ile. "Nawe ukamlipa."
Sikujua. Naogopa nimempoteza. Sina mwingine wa kumpoteza hapa.

Jumanne, 12 Agosti
Nimekwenda bila thamosi, bila pesa. Nikaamkia, "Shikamoo, Bi." "Marahaba." Basi. Nikasema nilidhani ile ndiyo adabu. Aliendelea kuosha vikombe. Nikachuchumaa, nikaanza kuvisuuza.
"Ala! Mtalii anaosha vyombo!" akasema yule mzee.
"Wewe Athumani, kunywa kahawa yako," akasema Bi Zuhura. Kisha kwangu: "Vifudikize. Vikikaa wazi vinaingia vumbi."
Nikavifudikiza.
Ilipoadhiniwa magharibi, wazee waliondoka kwenda msikitini. Bi Zuhura akajitanda kanga. "Niangalizie makaa, naingia ndani kuswali." Kopo la pesa aliliacha palepale, halina kifuniko.
Nikakaa peke yangu barazani. Nikapepea makaa taratibu. Alikuja mtu kununua. Nikamwambia, "Keti kidogo, mwenyewe anaswali."
Akaketi.