Mstari wa Pili Haupo

Itetemia, Tabora
9 Agosti

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaikum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Ziba, goti limepoa, na Mama Mdogo Maua bado anakukataza kupanda baiskeli. Sisi hatujambo. Mjukuu wako Shamila ameota meno mawili na anamng'ata kila ambebaye.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungekata ukidhani mtandao umegoma.

Nilipata kukusimulia habari za Rustika, mwanachuo wangu wa Ulyankulu, mama wa watoto wawili, aliyefeli somo langu mwaka juzi akarudi nyumbani. Alikosa alama mbili tu. Swali lililomwangusha lilikuwa la matriksi: juu mbili na moja, chini sifuri na mbili. Matriksi huzigeuza vekta nyingi upande mwingine, lakini ipo mistari ambayo vekta zake hubaki palepale, zikirefuka au kufupika tu. Niliwataka watafute mistari miwili ya namna hiyo, ili namba zibaki kwenye ulalo peke yake, yaani ule mshazari wa kutoka juu kushoto hadi chini kulia. Rustika akajibu kwamba mstari ni mmoja. Nikampa sifuri.

Mwezi wa tano nililifanya swali lile ubaoni kwa mara ya kwanza. Mstari mmoja nikaupata. Wa pili nikautafuta hadi chaki ikaniishia mkononi. Nikawaambia tutaendelea kesho, nikaenda kabatini kuitoa karatasi ya Rustika. Alikuwa ameeleza kwamba, kwa kuwa namba za ulalo zote ni mbili, mistari ingekuwa miwili basi kila vekta ingerefuka mara mbili tu, pasiwe na inayogeuka. Lakini vekta ya sifuri na moja inageuka, inakuwa moja na mbili. Chini kabisa aliandika: "Madamu, mstari wa pili nimeutafuta, haupo."

Nilikwenda kwa mkuu wa chuo, Mama Advera, nikakiri kwa maandishi. Matokeo yakarekebishwa. Kisha nikapanda basi hadi Ulyankulu. Nilimkuta Rustika akipukuchua mahindi na mumewe, Dismasi. Nilimwomba radhi nikiwa bado nimesimama. Alinisikiliza, akanipa kigoda, akasema alijua tangu siku ile kwamba yuko sahihi. Kilichomuuma ni kwamba sikumsoma hadi mwisho. Dismasi akauliza kama na ile miaka miwili nayo hurekebishwa. Rustika akamtuma aniletee uji. Mwezi uliopita alirudi chuoni, sasa anakaa mbele kabisa, na nikiandika ubaoni namtazama yeye kwanza. Nafundisha kwa furaha ambayo sijawahi kuwa nayo.

Sasa Baba, lililonishikisha kalamu ni hili. Mama Advera aliponiuliza kanuni ya kwamba mistari huwa miwili daima niliitoa wapi, nilisema ni katika daftari lako la kufundishia ulilonipa. Nilisema aliyekosea ni Mwalimu Lukumani, mimi niliamini tu mwandiko wa baba yangu. Lawama nilikutupia wewe, mbele ya mtu anayekuheshimu. Niliporudi kutoka Ulyankulu nilifungua daftari ili niukate ukurasa ule kwa kalamu nyekundu, nikafunua na unaofuata. Umeandika hivi: "Hii ni pale tu namba za ulalo zinapotofautiana. Zikirudiana, chunga sana." Miaka kumi na moja nafundishia daftari lile, na ukurasa huo sikuwahi kuufunua.

Kesho yake nilimpelekea Mama Advera daftari lenyewe, asome kwa macho yake. Jina lako limesafika. Nisamehe, Baba. Chuo kikifunga nitakuja nikae siku tatu, unikemee hadi uridhike.

Mpe Mama Mdogo salamu zangu nyingi, na mtuombee dua. Rustika naye anakuamkia. Anaomba ruhusa yako aende na daftari nyumbani kwake, alisome lote.

Ni mimi mwanao,
Asmahani