Taya la Mkwe Wangu Linanisonya: Je, Nihame?

Mshauri wangu mpendwa,

Kurasa zako za gazeti nimezifungia mikate miaka mingi, na kabla ya kufungia huwa nasoma kwanza, nacheka matatizo ya wenzangu na kusema huyu naye kazidi, sasa leo na mimi nimo, kwa hiyo nivumilie kwa maana hata pa kuanzia sipajui na mkono wenyewe una unga.

Mimi ni mjane, naoka mikate nyumbani na kuipeleka dukani na kwa majirani, na ninaishi na mke wa mwanangu pamoja na binti yao mdogo, kwa sababu mwanangu anaendesha mitambo ya kutengeneza barabara, anakaa kambini mbali na kuja nyumbani mara moja moja. Watu husema mama mkwe na mkwe ni paka na panya, lakini sisi tulikuwa chanda na pete, mshauri, sikudanganyi. Mtaani wanamwita Kicheko. Anashona sare za shule kwenye karakana, na jioni nilikuwa namsikia tangu kona ya barabara anavyocheka na wenzake, akiingia mlangoni swali lake ni moja, "Mama, ganda langu liko wapi?", maana lile ganda la mwisho la mkate, gumu, lililobabuka kidogo, tulikuwa tunaligombania kama watoto.

Sasa ganda haligusi. Mkate anauchovya kwenye chai mpaka unakuwa uji, nyama anaikata vipande vya kumlishia kifaranga, akila anageukia ukutani, na kicheko kimekuwa cha kuziba mdomo kwa kiganja. Nikajiambia labda mkono wangu umeharibika, labda hamira si ile. Kisha ikaja sauti. Tukikaa mezani nasikia "tk!", nikimwongezea chai "tk!", nikianza habari zangu za dukani "tk!", kama mtu anayesonya upesi ili asisikike. Nikavumilia, nikavumilia, asubuhi moja nikashindwa, nikamwambia, "Mwanangu, mimi ndiye mzaa chema wako, unanisonya kwenye meza yangu?"

Akanitazama, machozi yakamjaa, akataka kujibu na mdomo ukagoma. Ulifunguka kiasi cha kupitisha kijiko cha chai tu, basi. Akashika hapa mbele ya sikio, akasema kwa meno yaliyofungana, "Sisonyi, Mama. Ni taya." Niliingiwa na hofu, nikachovya kitambaa kwenye maji ya moto nikamkanda, si kwa ujuzi, ni kwa kubahatisha tu, na baadaye taya likaachia kwa mlio uleule wa "tk" niliokuwa nauita sonyo. Mshauri, nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo akanieleza ambayo alikuwa ananificha asinitie wasiwasi, kwamba sikio lilimuuma akanunua dawa ya matone lisipone, kwamba akiamka panja zote mbili zinamgonga, kwamba alikwenda kwa mtu mmoja mwenye kiti na koleo karibu na soko akaambiwa ni gego la nyuma, likang'olewa, nami nimeliona kwa macho yangu, jeupe, zima, halina hata tundu la sindano, na maumivu yamebaki palepale kama mgeni asiyejua kuaga. Sasa yule mtu amesema basi kosa ni la jino la jirani yake, arudi Jumamosi nalo litoke. Na mjukuu wangu anayelala naye alikuwa anasikiliza, akasema, "Bibi, Mama akilala huwa anatafuna mawe."

Hayo mawe ndiyo yaliyoniua. Nilimsimulia jirani yangu muuza mkaa, akaniambia, "Mtu anayesaga meno usingizini kuna neno amelimeza. Na katika nyumba yenu, neno gumu ni nani kama si wewe?" Tangu hapo sina raha. Najua naongea sana, najua najifanya mjuaji wa kila kitu, pengine mtoto wa watu amechoka na mimi na heshima inamziba mdomo. Basi juzi akiwa karakanani nilitoa sanduku nikaanza kupanga nguo na baadhi ya mabati yangu ya kuokea, nihamie kwa dada yangu, nimwachie nyumba apumue. Simwondokei kwa chuki. Mume wangu alipofariki ni yeye aliyenilisha kwa mkono wake nilipokataa kula. Mwanangu sijamwambia, na mkwe hajui, sanduku liko chini ya kitanda.

Nihame? Na jino la Jumamosi, ling'olewe au lising'olewe?

Ni mimi, Mama Mikate

*

Mama Mikate,

Barua yako ilinifikia Alhamisi, jino lilikuwa la Jumamosi, na ukurasa huu hutoka Jumapili. Ningekujibu hapa ningekuwa nampigia mbiu aliyekwisha kuondoka. Ndiyo maana nilitafuta namba uliyoandika nyuma ya bahasha nikakupigia, jambo ambalo kwa kawaida silifanyi. Leo, wiki kadhaa zimepita, naandika tuliyosema na yaliyofuata, kwa ruhusa yako na ya mkwe wako, kwa sababu najua huko nje kuna wengine wanaosubiri koleo.

Neno langu la kwanza lilikuwa, "Jino lisiguswe." Ukauliza, "Hata kama linauma?" Nikakuambia hata kama linauma, mpaka daktari wa meno mwenye kusomea kazi hiyo amwangalie. Jino likishatoka halirudi kwa kuombwa radhi. Mmeshapoteza moja zima, mlikuwa mnaelekea la pili, na yule mwenye kiti angeendelea mpaka ufizi ubaki mtupu na maumivu yakiwa palepale.

Weka kidole mbele ya sikio, kisha fungua na ufunge mdomo. Kile kinachoteleza chini ya kidole ndicho kiungo cha taya. Ndani yake mna kisahani cha gegedu kinachoizuia mifupa isisuguane, na kisahani hicho kikihama kidogo kutoka mahali pake ndipo unasikia "tk". Mlio peke yake, bila maumivu, mara nyingi si ugonjwa. Lakini mkwe wako alikuwa na mlio, mdomo unaokwama, panja zinazogonga asubuhi, sikio linalouma lisiloponywa na dawa ya sikio, na mtoto anayesikia mawe yakitafunwa. Hiyo ni barua kamili, ilikosa msomaji tu. Taya linalouma lina hila: hujifanya sikio, hujifanya jino, hujifanya kichwa, na watu hutibu kila kitu isipokuwa lenyewe.

Sasa jirani yako. Muuza mkaa apewe heshima yake kwenye mkaa. Ni kweli wasiwasi humfanya mtu akaze meno, mchana na hata usingizini. Lakini wako wanaosaga kwa sababu wazazi wao walisaga, wako wanaosaga kwa wingi wa kahawa, sigara au pombe, wengine kwa dawa fulani wanazotumia, wengine kwa sababu pumzi zao hukatika wakilala. Kusaga meno si ushahidi dhidi ya mama mkwe. Na wewe, mtu mzima, ulisikia neno la kibarazani ukalifungia sanduku! Ulimhukumu mkwe wako kwa sonyo ambalo halikuwa sonyo, kisha ukajihukumu mwenyewe kwa neno ambalo hukulisikia kinywani mwake. Mwenye taya alikuwa jikoni kwako. Kwa nini hukumuuliza?

Nilikuambia umuulize jioni ileile, mkiwa mmekaa, na usiwe unakanda unga huku unauliza. Ijumaa ukanipigia, nikashindwa kujua unalia au unacheka.

Kumbe neno lilikuwepo, ila halikuwa lako. Mwanao alikuwa amemwomba mkewe ahamie huko kwenye kazi yake pamoja na mtoto, muhula wa shule ukiisha. Naye akabaki katikati. Kumkatalia mume hawezi, kukuacha peke yako na tanuri lako hataki. "Kila nikitaka kukwambia, Mama," alisema, "najikuta nimeuma meno." Kisha akakuuliza yeye, kwa sauti ndogo, kwa nini mabati ya kuokea yamepungua jikoni, kwani alikuwa ameyakosa tangu juzi akadhani umeyauza kwa siri ili usiwe mzigo kwao. Basi hapo ukamwambia habari ya sanduku, mkakumbatiana. Wewe ulikuwa unahama ili yeye akae, yeye alikuwa anakaa ili wewe usiachwe, na katika nyumba yenye watu wanaopendana namna hiyo hakuna aliyefungua mdomo.

Nakuonya lakini, usije ukadhani mazungumzo ndiyo yaliyotibu taya. Yalipunguza mzigo tu. Taya lilitibiwa kliniki, Jumamosi ileile.

Daktari wa meno alimshika mbele ya masikio yote mawili, akamwambia afungue na afunge, akasikiliza. Akamwambia afungue mdomo hadi mwisho: vikaingia vidole viwili vilivyopangwa kwenda juu, wakati watu wengi huingiza vitatu. Akaona meno yamesagika ncha, na ndani ya shavu kuna mstari mweupe wa kuumwaumwa. Akapiga picha, akasema meno yaliyobaki ni mazima. Kisha akamuuliza kazi yake.

"Nashona."

"Pini unaziweka wapi ukishona?"

Mkwe wako akaonyesha midomo.

"Na uzi unaukata kwa kitu gani?"

Akaona haya. "Kwa meno."

"Mchana kutwa unayafanyisha kazi ya mkasi," daktari akasema, "usiku yanaendelea na zamu ya pili. Yatapumzika lini?"

Pini sasa ziko kwenye kijimto cha kitambaa, mkasi unaning'inia shingoni, na ule ubani wa kutafuna aliokuwa ananunua ili "kulainisha taya" umekatazwa. Wasomaji wenye shida kama hii, shikeni aliyoambiwa. Kuleni vyakula laini kwa muda, kwa matonge madogo. Mkipiga miayo, wekeni ngumi chini ya kidevu mdomo usipanuke mno. Kandeni mashavu kwa kitambaa cha uvuguvugu, jinsi Mama Mikate alivyofanya kwa kubahatisha na akapatia. Mchana jikumbusheni: midomo ifungwe, meno yaachane, ulimi ulale nyuma ya meno ya juu. Meno ya juu na ya chini yana haki ya kukutana wakati wa kula tu. Dawa ya maumivu ni ya muda mfupi, kwa maelekezo, si ya kumeza kama karanga.

Mkwe wako alichukuliwa vipimo vya meno, akatengenezewa kinga ya plastiki ya kuvaa kwenye meno akilala. Kinga haimalizi tabia ya kusaga. Inayalinda meno yasiliwe na kulipunguzia taya mzigo. Ni ya mdomo wake peke yake, haiazimwi. Akapewa pia mazoezi mepesi ya kufungua mdomo, na mtaalamu wa tiba ya viungo vya mwili wa kumfundisha. Wengi hupata nafuu hivi bila kisu. Lakini mdomo ukifunguka ukakataa kufunga, au shavu likavimba na homa, au uso ukafa ganzi, msikae nyumbani. Na taya likiuma pamoja na kifua kubana, jasho na pumzi kupungua, achaneni na meno: huo unaweza kuwa moyo, kimbieni hospitali saa hiyohiyo.

Umeniambia panja zimetulia asubuhi nyingi, ingawa si zote. Mlio bado upo siku mojamoja, nanyi msiuogope. Mwanao alipopigiwa simu mkiwa wote mezani alishangaa, akasema, "Kwani nani alisema Mama abaki?" Likizo ikifika mtakwenda pamoja kupaona kwanza, ndipo mwamue. Sina la kuongeza hapo. Hayo ni yenu.

Ninalo moja la mwisho, na usikasirike. Siku ile ya kliniki, mkwe wako aliponishukuru kwa simu, aliniambia kwa upendo kabisa kwamba kila daktari alipomwuliza kitu, ulijibu wewe. Lini yalianza, ukajibu. Anakula nini, ukajibu. Mpaka daktari akauliza mgonjwa ni nani.

Marudio yenu ni Jumanne. Nenda naye, mshikie mkoba, keti kimya. Daktari akiuliza panauma wapi, mwache mkwe wako aseme mwenyewe.