Sukuma Twende

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mkuyuni hatujambo. Bibi yako anapalilia mchicha wake, na magoti yana nafuu.

Unauliza kwa nini sisi wazee wa magari ya zamani kila mmoja ana maneno yake nyuma ya gari, na kwa nini yangu ni "Sukuma Twende". Wengi hudhani najisifia Usukuma wangu.

Nilipokwenda Sengerema kumposa bibi yako, nilikuwa na pikapu niliyoipenda kupita kiasi. Wakati wa kuondoka ikakataa kuwaka, ukoo mzima ukitazama. Nikafungua boneti, nikajifanya natengeneza, jasho likinitoka. Baba yake akanisogelea taratibu.

"Kijana, mbona huombi watu wakusukume?"

"Naona aibu, mzee."

"Omba tu."

Nikaomba. Yeye ndiye aliyetangulia kukunja mikono ya shati. Ilipowaka, akainama dirishani akihema.

"Nilikuwa sijakubali," akasema. "Sasa binti yangu nakupa, maana siku mkikwama utaita watu."

Ndiyo hivyo, mama. Huko chuoni Dodoma, masomo yakikuelemea, piga simu nyumbani.

Babu yako