Mbegu Alizogawa Mama

Mdogo wangu Tabitha,

Salamu nyingi kutoka huku Masasi kwenye joto. Hujambo? Kifua cha shemeji kimetulia? Na mvua huko Nanyala, mmeanza kusikia harufu yake au bado? Mimi ni mzima kabisa. Vijana ninaolinda nao ghala la korosho wanasinzia, mimi nakohoa mara moja tu wezi wanahama mtaa.

Barua hii isome ukiwa peke yako, usimsomee Mama. Simu nimeiacha makusudi, maana ninyi mnaweka sauti kubwa, na Mama masikio yake bado yako macho.

Uliniandikia kwa furaha kwamba Mama siku hizi amelainika moyo, ameteremsha mahindi yote ya mbegu pale juu ya jiko, akawagawia wakwe na majirani, hata maharage na ulezi. Ukamuuliza, "Na wewe Mama utapanda nini?" Akakujibu, "Mimi nimeshapanda sana." Wewe ukacheka. Mimi sikucheka, Tabitha. Tangu nisome hayo ugali haupiti.

Wewe ulikuwa mchanga, hukumbuki. Bibi yetu mzaa baba naye aligawa mbegu zake hivyo hivyo. Watu wakashangilia, bibi amekuwa mkarimu. Mvua ya kwanza hakuiona. Kwetu mwanamke anayetaka kulima hatoi mbegu yote, anabakiza hata hindi moja lining'inie kwenye moshi.

Na Mama ndiye wa kugawa mbegu? Mwaka ule wa njaa, Baba ameshafariki, tulikula majani ya maboga matupu na mahindi yananing'inia juu ya vichwa vyetu. Nikapanda kigoda nichomoe moja. Alinichapa mwiko mgongoni, halafu akakaa chini akalia yeye. Akasema, "Yoramu, hayo si chakula. Hayo ni mwakani."

Nani alifanya kazi kama yule? Barabara kuu ilipokuwa inajengwa aliwapikia vibarua uji, wewe umefungwa mgongoni, na akitoka hapo anaingia kwenye kahawa, anapalilia mpaka haoni jembe. Maharage akayapeleka Tunduma mwenyewe. Mzambia mmoja akamwita mama kwa lugha ya kwao, "Mayo, punguza bei." Mama akamjibu kwa lugha hiyo hiyo, "Iwe, wewe, kwani niliyalima kwa mdomo?" Yule bwana akacheka, akachukua gunia zima, na kila akivuka mpaka anauliza, yuko wapi yule mayo mkali? Ukali huo nimeurithi mimi, wewe hukupata. Hata msimu uliopita, mgongo umepinda, si alipanda amekalia ndoo iliyopinduliwa, anaisogeza shimo hadi shimo, na ukimwambia pumzika anakutukana? Sasa leo anasema ameshapanda sana.

Nimemwambia bosi naondoka. Akasema, "Mzee, subiri nipate mtu." Nikamjibu ghala ni lako, mama ni wangu. Barua hii inatangulia na dereva wa basi la leo, mimi napanda la kesho kutwa. Mimi niliyemfukuza chui kule Isansa, ambaye wewe unawaambia watu alikuwa fisi, sasa naogopa basi kuchelewa.

Kwa hiyo nisikilize. Leo hii nenda kwa wakwe zetu, waombe mbegu kwa upole wasione wananyang'anywa, uzirudishe kwa Mama. Mwambie Yoramu anakuja kulima kile kipande cha chini, na mbegu ya dukani haitaki. Anataka atakayochagua Mama mwenyewe, hindi moja moja.

Nisalimie shemeji, mwambie lile paa la banda alilolipigilia vibaya nitalitengeneza mimi. Wasalimie wajukuu, na yule mzee wa kanisa aliyenibishia juu ya mbolea, mwambie ukweli bado uko kwangu.

Mama atakataa, najua. Atasema Yoramu hajui kupanda, anatupa mbegu kama anayelisha kuku. Usinitetee. Mwambie Yoramu anasema mahindi ya Mama siku hizi yamekuwa madogo, na kwamba huku Masasi wanawake wanalima kumshinda. Mkasirishe, Tabitha. Mkasirishe kila asubuhi mpaka nishuke kwenye basi, maana Mama hajawahi kuondoka mahali kabla hajamjibu mtu.

Ni mimi kaka yako,
Yoramu