Mke Wangu "Anapokea", na Ulezi wa Ngoma Unakaribia Kuvunwa

Mshauri wetu tunayekusoma hata gazeti likitufikia na treni limeshachakaa, ninusuru, nimekwama, na ujue mimi si mtu wa kukwama hovyo, mimi ni dereva wa lori la tumbaku hapa Mpanda, Tunduma nimelala, Kigoma wananiita kwa jina, Dar nimekula chipsi mpaka nikazichoka, Kiingereza nakielewa kikiongelewa polepole, shule tu ndiyo niliishia la sita, walimu walichoka na maswali yangu.

Mke wangu ni Donatille, binti wa kule Katumba, na huyu mwanamke akicheka hata mgonjwa anaomba ugali, nampenda na sijifichi, ila ana ile hali yake ya kuanguka, anakakamaa, anatetemeka, akizinduka anaongea na watu tusiowaona halafu analala, na mwaka jana aliangukia mafigani mkono ukaungua, basi nikampeleka hospitali ya misheni, alikuwepo daktari mgeni wa mambo ya ubongo, mtu mpole, akatueleza kwamba chembe za ubongo zinapeana habari, moja inatoa kitu kinaitwa glutameti, nyingine ina kipokezi cha kukipokea, sasa mwenzangu huko kichwani vipokezi vinapokea kupita kiasi, habari inalipuka kama moto wa nyika, ndipo mwili unatetemeka, akampa vidonge vya kila jioni, na tangu hapo hajaanguka tena.

Kufika nyumbani, mama yangu, Esteria, akauliza mbele ya majirani, "Mwanangu, daktari kasemaje?" Na mimi bwana, mtu niliyeiona dunia, nikasimama katikati ya uwanja nikatoa sauti ya bungeni: "Kasema kichwani ana kipokezi. Anapokea kupita kiasi!"

Mshauri, mama alipiga vigelegele. "Si niliwaambia nyie? Anapokea! Hata daktari kakiri!" Maana hapa kwetu ukisema mtu anapokea, basi mizimu imemchagua, anatakiwa kukabidhiwa mkoba wa uganga. Sasa wazee wanamwamkia mke wangu, jirani mmoja kaja kumuuliza mbuzi wake aliyepotea yuko wapi, na mama kapanga ngoma kubwa, kasema siku ulezi wa pombe utakapolowekwa vidonge vikome, eti mizimu haitaki harufu ya hospitali. Juzi Donatille kaniuliza taratibu, "Baba Lidia, huo ulezi ukilowekwa, mimi nimeze au nisimeze?" Nikajifanya nakagua tairi. Mama kanilea peke yake, kumpinga ni kumvua nguo, na mke ndiye huyo, roho yangu. Nifanyeje mimi?

Obadia, Mpanda

*

Obadia mwanangu, ameze. Nalisema hili mwanzo kabisa ili hata kama ukurasa huu utaishia kufungia karanga, mstari huu usikupite. Dawa za namna hiyo zikikatwa ghafla, ugonjwa unarudi kwa hasira na unaweza kuua. Hapunguzi wala haachi mpaka daktari aseme.

Daktari wako alikueleza vizuri, ingawa mambo ya ubongo ni mengi kuliko hilo moja. Nilimuuliza tabibu rafiki yangu, akaniambia vipokezi hivyo hivyo vinachunguzwa kwenye kiharusi, kwenye usahaulifu wa wazee, hata kwa wanaosikia sauti zisizokuwepo, maana wapo wataalamu wanaodhani kwa hao kuna kipokezi kinachofanya kazi pungufu. Ubongo unataka kiasi, kama mboga inavyotaka chumvi. Na kipokezi ni kitu cha mwilini tu, kama bandama. Wewe unavyo, mama yako anavyo, na yule mbuzi aliyepotea anavyo.

Sasa nikusute kidogo. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta neno moja, sikulikuta. Umeandika "ile hali", umeandika "kuanguka", umezunguka kama unakwepa mashimo barabarani. Kifafa, Obadia. Mkeo ana kifafa. Unaogopa neno hilo kwa sababu watu wakilisikia wanakimbia povu, wanamtengea mtu sahani yake, kikombe chake. Ulipopewa neno lenye heshima ukajibanza nyuma yake, na mama yako akaingia humo humo. Simlaumu. Mama gani asingependa mkamwana aliyechaguliwa, kuliko mkamwana anayekimbiwa kisimani? Naye anampenda, ila kwa ramani mbovu uliyompa wewe.

Kwa hiyo mwendee mama akiwa peke yake, si uwanjani. Kaa chini kuliko yeye. Sema, "Mama, nilieleza vibaya. Donatille ana kifafa. Ni ugonjwa, una dawa, na dawa imemshika." Akilia, mwache alie. Akisema watu watamkimbia, mwambie ndiyo sababu tunakuhitaji wewe.

Pombe ipikwe, ulezi hauna kosa. Watu wakishakusanyika, omba ugali, ule na mkeo sahani moja, mchovye bakuli moja, na mama awe wa tatu. Mate hayaambukizi kifafa, na watu wataamini meno yenu kuliko hotuba yako. Wafundishe pia: akianguka, asogezwe mbali na moto, alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni. Mtetemeko ukipita dakika tano haujakoma, hospitali mbio. Lori si unalo?

Ila hayo yote yanaweza kungoja kesho. Leo jioni mchotee mkeo maji mwenyewe, mwekee kidonge mkononi, umwambie, "Mama Lidia, meza." Halafu ukae hapo hapo mpaka ameze.