Moto wa Matangani Niliouzima

Kwa dada yangu Mwanasha,

Shikamoo dada. Mimi mzima, alhamdulillahi, macho yote mawili na vidole vyote kumi. Natanguliza hilo maana nimesikia habari ya godauni lililoungua huku ilifika Munje kabla ya majina ya waliokufa, na mama akajifunika kanga kutwa akidhani ni mimi. Kikohozi chake je? Na nguruwe wamewaachia mihogo japo kidogo? Neno lake kwamba niache kazi nirudi nyumbani nimelipata, na jibu liko humu.

Shemeji, wewe unayesoma, hapa shusha sauti, mama asisikie.

Waliokufa ni wawili, Kilonzo na Chirima. Chirima ndiye aliyenifundisha kazi hii ya zimamoto. Godauni lilikuwa la pamba, na moto wa pamba si kama wa makuti. Wa makuti unauona. Wa pamba unaingia ndani ya robota unatulia, unakula polepole kama mchwa, na kwa nje robota jeupe. Mimi nilikuwa naustaajabia tu. Miali ilipokwisha tukabaki kugeuza marobota. Chirima alikuwa na maneno yake: "Geuza, mwaga, papasa." Unapapasa kwa mgongo wa mkono, maana kiganja cha mtu wa kazi ni kigumu, hakisikii. Upande wa nyuma nilipewa mimi. Nikageuza, nikamwaga, nikapapasa, nikasema, "Kumepoa." Wao wawili wakaingia, mimi nikatoka kuvuta mpira wa maji. Nikasikia kama mtu anavuta pumzi ndefu, halafu paa likashuka.

Tangu siku hiyo najiuliza kitu kimoja: moto ulitokea upande wangu? Kwa mdomo sijamuuliza mtu, unanijua. Nimekuwa natazama tu wenzangu wanavyofanya na msiba. Mkubwa wetu, huyu aliyekalia kiti cha Mzungu baada ya Uhuru, anasugua shaba za gari mpaka unaona meno yako. Mpishi anapakua sahani mbili za ziada, kisha anajitukana. Viatu vyao vya akiba bado viko kando ya gari, suruali zimekunjwa juu yake tayari kwa kurukia. Hata mfagiaji anavizunguka.

Kilonzo alizikwa kwao Ukambani. Kwao Chirima ni bara huko, unashuka treni Mackinnon Road halafu unatembea. Mkubwa akanituma mimi nipeleke vitu vyake, kwa kuwa Kiduruma na Kidigo chetu husikizana.

Siku ya pili yangu pale matangani, baada ya chakula cha mchana, watu walijilaza vivulini. Uwanjani gogo linafuka, hakuna mtu karibu. Dada, sikufikiri, mikono ilikwenda yenyewe. Nikachukua mtungi. Nikageuza, nikamwaga, nikapapasa.

"Wee! Nani huyo?" Ami yake Chirima alikuja mbio, shuka inamvuka. Kumbe kwao moto wa matanga hauzimwi mpaka siku ya kuondoa matanga. Kwetu ni wa kupikia tu, ningejuaje?

"Zimamoto mpaka matangani!" akasema msichana mmoja.

"Wazee, ficheni viko vyenu vya tumbaku," mwenzake akadakia, "huyu atawamwagia!"

Wakacheka huku wameziba midomo. Mimi nimesimama na mtungi mtupu. Mamake Chirima akatoka ndani.

"Nani kakufundisha kufanya hivyo?"

"Chirima, mama."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha yote mbele za watu. Akachutama, akatia mgongo wa mkono jivuni, pale pale nilipotia wangu. Hakuutoa upesi.

"Chini kuna moto," akasema.

Nami nilisikia baridi tupu. Hapo yakanitoka yote, ya marobota na ya "kumepoa" yangu.

"Na mwanangu?" akaniuliza. "Aliingia bila kupapasa?"

Hilo dada sikuwahi kujiuliza. Nikafumba macho nikatazama tena.

"Aliinama," nikamwambia. "Alipapasa baada yangu. Akasema, haya, twende."

"Basi moto ulidanganya mikono miwili, baba. Wako na wake." Akafukua kaa, akaliwekea nyasi kavu. "Puliza. Umeuzima wewe."

Nikapuliza, nikalia, na moshi ukanisitiri.

Kama ulitokea upande wangu bado sijui, na pengine sitajua. Lakini juzi liliungua duka la magodoro. Tulipomaliza nikapapasa, pakawa baridi. Badala ya kusema kumepoa, nikasema kwa sauti, wakubwa wote wapo: "Mwingine naye apapase. Na mwingine tena." Mkubwa akanitazama, halafu akavua glavu akainama. Wa tatu ndiye aliyesema, "Hapa bado." Tukageuza upya, na sote tukarudi na gari.

Kwa hiyo mwambie mama, kwa maneno yako wewe mtamu wa maneno, kwamba sirudi bado. Huku mkono wangu una kazi.

Nisalimie baba mdogo wa Funzi, na somo yako jirani aliyekaa na mama siku ile ya kanga, Mungu amlipe. Watoto waambie mjomba anawakumbuka mmoja mmoja. Mwandiko ni wangu mwenyewe, siku tatu nauandika, basi shemeji asinicheke.

Ni mimi mdogo wako,
Hamisi