Winchi Imefungwa, Baba

Baba,

Winchi imefungwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata hujauliza sisi tumeamkaje. Imekaa mbele ya gari yako, inavuta, na betri haichemki. Sasa tulia nikueleze vizuri.

Hujui ulifikaje Bugwema siku ya kuzikwa. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Tulikubeba kwenye gari yako mwenyewe, maana ndugu walisema fundi hawezi kwenda kwao kwa gari ya kukodi. Magurudumu yote manne yalikuwa yanavuta, lakini ule udongo mweusi wa kule unaujua, ukishika umeshika. Tukazama mpaka kwenye ekseli, wewe ukiwa nyuma kwenye jeneza. Na winchi ya kutuvuta kwa waya, ile uliyoing'oa kwenye gari chakavu ya Butiama ilikuwa bado gereji Musoma, chini ya meza, kwenye gunia. Tuliingojea nafasi, wewe ufanye chuma, mimi nifanye umeme. Nafasi haikupatikana.

Baba mdogo Majura akaleta maksai wake wanne, Dizeli akiwa mbele, yule uliyempa jina mwenyewe. Si unakumbuka ulikuwaga unamtania mdogo wako kila Krismasi kwamba maksai wake hawana gia ya rivasi? Basi alipomaliza kufunga mnyororo, akaja nyuma, akagonga jeneza kidogo, akasema, "Kaka, rivasi hawana. Ya mbele wanayo." Watu wakacheka huku wanalia. Na mimi nilicheka. Ukavutwa na ng'ombe mpaka mlangoni kwako.

Mama hakucheka. Alivua viatu akatembea nyuma ya gari. Matanga yalipoisha nikamwambia turudi Musoma, akakataa kupanda. "Gari iliyoshindwa kumfikisha mwenyewe, mimi itanifikisha wapi?" Akabaki Bugwema. Gari nyingine hataki, pikipiki hawezi, nyonga yake unaijua. Kliniki ya presha akaanza kuikosa. Nikawa namtumia dawa, mpaka daktari akasema hatoi tena bila kumpima. Nilipokwenda kumwona miguu ilikuwa imevimba, na bado anakataa. Niliogopa, Baba. Niliogopa kwamba atakufuata, na sababu itakuwa gari.

Ndipo nikaitoa winchi kwenye gunia. Nilijiambia Mama akiona gari inajitoa yenyewe kwenye tope, atapanda.

Umeme haukunisumbua. Mota ilikuwa imeingia maji, nikaifungua, nikatoa kutu, nikaweka kaboni mpya. Nikavuta waya mnene kutoka kwenye betri, nikaweka na ile swichi kubwa ya kukata umeme ambayo ulikuwa unasema ni mbwembwe zangu za chuo. Imewekwa, na hakuna wa kubishana naye.

Chuma ndicho kilichonitoa jasho. Winchi niliifunga kwenye bampa yako ya bomba, ile uliyochomelea mwenyewe ukaipaka rangi ya fedha. Bampa ya bomba ni ya kutishia mbuzi barabarani, nalijua hilo, lakini ilikuwa yako, sikutaka kuigusa. Nikaenda kuijaribu Mwigobero, kuna mtu alitaka mtumbwi wake utolewe majini uzibwe. Mtumbwi ulisogea kidogo, ukagoma, halafu bampa ndiyo ikaanza kuufuata. Wale akina mama wanaoanika dagaa walicheka mpaka wakakaa chini, wanasema leo mtumbwi umevua gari.

Nikampigia Fundi Magesa wa Bunda. Ndiyo, huyo huyo. Usigeuke huko. Najua ulisema anachomelea kama mtu anayemwaga uji. Alikuja siku ile ile na mashine yake, chai akakataa mpaka aone kazi. Akalala chini ya gari muda mrefu. Alipotoka akasema winchi haishikwi na bampa, inashikwa na chesisi, kwa hiyo bampa lazima ikatwe. Akanipa mashine ya kukatia.

"Kata wewe. Mimi sikati kazi ya marehemu."

Nikakata. Ukilia ndani ya miwani ile ya kukatia huoni kitu, inabidi uzime mashine ungoje. Nilizima na kuwasha mara nyingi. Bomba lilikatika, lakini pale ulipochomelea hapakuachia hata kidogo, ilibidi tupazunguke. Magesa alikiokota kipande, akakigeuzageuza, akasema ulikuwa unamsemaga vibaya lakini ulikuwa na haki ya kusema. Halafu akatengeneza bamba nene, tukalifunga kwenye chesisi kwa bolti ngumu, mimi nakaza, yeye anashikilia kwa chini. Anachomelea vizuri, Baba. Ilibidi uambiwe.

Nikaenda Bugwema. Nilikuwa nimejipanga niizamishe gari makusudi mbele ya Mama, nifukie tairi la akiba liushike waya, kama ulivyonifundisha pale pasipo na mti, niivute itoke. Haikufika huko. Nilikuta nyumbani hakuna mtu, wote wako lamboni. Kiangazi hiki maji yamerudi katikati, pembeni ni tope tupu. Dizeli alikuwa ameingia kunywa, akazama mpaka tumboni. Wenzake walifungwa nira wamvute wakateleza, mmoja nusura naye azame. Baba mdogo amekaa chini, mikono kichwani. Jirani mmoja alishaanza kusema achinjwe kabla hajafa, nyama isipotee.

Niliiweka gari penye udongo mgumu, nikaziba magurudumu kwa mawe. Nikaingia topeni na mkanda mpana, nikampitishia mbele ya miguu ya nyuma, si shingoni. Nikavuta waya mpaka ukamfikia. Halafu nikaomba blanketi au gunia zito, kwa sababu ulinikataza nisivute waya ukiwa uchi. Ukikatika unakata mtu, lakini nguo nzito inaulaza chini.

Mama ndiye aliyekwenda. Nilidhani ataleta blanketi. Alirudi na koti lako la gereji, lile la kahawia lenye matundu ya cheche, ambalo ndugu walilitafuta siku ya kugawa nguo zako hawakuliona. Hakunipa mimi. Aliliweka juu ya waya mwenyewe, akalinyoosha mikono, akawageukia watu.

"Rudini nyuma. Hapendi watu karibu na waya."

Watu wakarudi. Nikabonyeza. Navuta kidogo, naiacha mota ipoe, navuta tena. Injini inanguruma, waya umekaza, koti lako liko pale katikati, na Dizeli anakuja. Alikuwa ametazama maji, kwa hiyo tulimtoa kinyumenyume, matako kwanza. Alipofika pakavu alilala kidogo, akasimama, akakojoa. Baba mdogo alimshika mgongo, akanigeukia. Akasema, "Mwambie baba yako. Mwambie rivasi imepatikana."

Ndiyo nimekuambia.

Mama alichukua koti, akalikung'uta tope, akalivaa. Lilimfika magotini. Akafungua mlango wa mbele, akakaa, akauliza daktari anatoka kazini saa ngapi.

Presha ilikuwa juu sana, tulimwahi. Anakunywa dawa, miguu imepungua. Yuko hapa Musoma, ananiuliza nakuandikia nini, nimemwambia habari za gari. Amesema nikuandikie kwamba koti halirudi kabatini, litakaa kwenye gari.

Baba, kila nikimaliza kuvuta nitaukunjua waya wote, niuoshe, niukunje upya ukiwa umekaza, duru kwa duru, kama ulivyotaka. Na Mama nitampeleka kwako na kumrudisha kila atakapotaka, mvua inyeshe isinyeshe. Hatatembea tena nyuma ya gari.

Wewe pumzika. Umeme niachie mimi, na chuma sasa nacho niachie.

Mwanao,
Nyafuru